Kabla Hujashusha Gari Kwenye Gemu: Historia ya Springi, Vumbi na Mafundi Wasiotajwa

Jioni, Bagamoyo. Boda zinarudi mjini, samaki wa mnadani wameshaisha, na kwenye kibanda kimoja cha gemu mitaa ya Magomeni vijana wamebanana kwenye benchi wakisubiri zamu. Wengi wamekuja kwa ajili ya mpira. Lakini yupo mmoja, huyo hakosekani, akishika pedi yeye anaweka mbio za magari tu.

Amechagua kigari cha Kijapani, milango miwili, hata tani moja hakifiki. Kabla ya kuanza anaingia sehemu ya kurekebisha gari. Bodi anaishusha mpaka mwisho. Springi anazikaza mpaka mwisho. Halafu anawageukia wenzake: "Oneni ndinga ilivyokaa."

Kona ya kwanza freshi. Kona ya pili tairi linapanda ukingo wa njia, gari inaruka kama chura, inazunguka, inakula ukuta. Kibanda kizima kicheko. Jamaa anatoa jero nyingine, anaweka marekebisho yaleyale, anakwenda kula ukuta uleule.

Huyu jamaa hana haja ya jina, maana kila mtaa unaye. Yupo Bagamoyo, yupo Bunju, yupo Tegeta, yupo Mwenge. Na hilo kosa lake wala siyo ujinga. Hajaambiwa tu kwamba zile namba za springi na shokapu kwenye skrini zina historia, na kipande kikubwa cha historia hiyo kilipatikana kwenye vumbi na tope la Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Na watu waliokipata wengi wao hakuna aliyeandika majina yao.

Mzigo na magoti

Ukitaka kuelewa springi, sahau gari kwanza. Mtazame mama anayetoka bombani na ndoo ya maji kichwani, anapita kichochoro chenye mawe na mizizi. Maji hayamwagiki. Siri iko magotini. Likija jiwe, goti linakunja, mguu unapanda, kichwa kinabaki palepale. Sasa mwambie atembee miguu imenyooka kama fito. Hatua tatu tu ameshaloa.

Springi ni goti la gari. Kazi yake ni kuliruhusu tairi lipande na kushuka kufuata ardhi huku bodi imetulia. Shokapu ni msuli wa kulizuia hilo goti lisiendelee kucheza. Springi ikiminywa inataka kurudi, ikirudi inapitiliza, inarudi tena, na bila shokapu gari ingekuwa inadunda kama kitanda kibovu. Ndani ya shokapu kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Ule ugumu wa mafuta kupita ndio unaomaliza mdundo, na nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto. Hilo neno joto likumbuke, litarudi.

Watu wengi wanadhani springi laini ni kwa ajili ya abiria kukaa raha. Raha ni faida ya ziada tu. Jambo kubwa ni tairi kubaki chini. Tairi lililoko hewani halikati kona, halishiki breki, halisukumi gari. Hata uwe na injini ya ndege, tairi likiwa hewani wewe ni abiria kama wengine.

Bagamoyo inafaa kabisa kwa mazungumzo haya. Karne ya 19 huu ndio mji ambako misafara ya kutoka bara ilifikia pwani, wapagazi wakiwa na pembe za ndovu mabegani baada ya mwendo wa miezi. Mwaka 1871 Stanley alipotoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, waliobeba mizigo yake walikuwa wapagazi. Leo kila mwanafunzi anamjua Stanley. Waliobeba mzigo, wachache mno wanajulikana kwa jina. Miaka 100 kamili baadaye, 1971, mambo yakajirudia kwenye barabara za Afrika Mashariki, safari hii kwa magari.

Mbio zilizoanza kwa sherehe ya malkia

Mwaka 1953 Uingereza ilikuwa inamtawaza Malkia Elizabeth II. Huku kwenye makoloni yake wapenda magari wakaamua kusherehekea kwa staili yao, mbio za magari kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zikaitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 jina likabadilika, zikawa East African Safari.

Hazikuwa mbio za kuzunguka uwanja. Ni maelfu ya kilomita, usiku na mchana, barabara zilezile wanazopita watu na ng'ombe. Baadaye zikazoeleka kufanyika Pasaka, na Pasaka huku kwetu unajua maana yake. Masika. Asubuhi dereva anakula vumbi haoni hata pua ya gari yake, jioni barabara imegeuka uji.

Sasa angalia matokeo. Mwaka 1963 walianza zaidi ya magari 80. Waliomaliza ni 7. Saba tu! Watu wakasema labda ni bahati mbaya ya mwaka huo. Mwaka 1968 yakaanza tena zaidi ya 80, yakamaliza 7 tena. Na miaka yote miwili walioshinda ni walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404.

Peugeot 404 haikuwa gari ya mbio. Ilikuwa gari ya familia, ya baba kwenda kazini na mama kwenda sokoni. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho wenye magari ya haraka hawakukijali. Springi zake zilikuwa laini na tairi lilikuwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Wenzake walipokuwa wanavunja vyuma makorongoni, yenyewe inakunja goti inapita.

Vumbi likawa limeshasema la kwake. Ila bado kulikuwa na swali, je, gari nyepesi ya michezo nayo inaweza?

Ndinga ya bichi yaingia kwenye tope

Jibu lilitoka Japani. Mwaka 1970 Datsun walishinda Safari kwa saluni yao ya 1600 SSS. Mwaka uliofuata wakaja na kitu tofauti kabisa, Datsun 240Z. Boneti ndefu, paa limelala, milango miwili, injini ya lita 2.4 yenye silinda 6, na uzito wa tani moja na kidogo tu. Kwa sura, hiyo ni gari ya kumpeleka mtu bichi Jumapili.

Mwaka 1971 ikashinda, mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1973 ikashinda tena, safari hii na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Na 1973 haikuwa mbio za mtaani, ndio mwaka wa kwanza wa mashindano ya dunia ya rali na Safari ilikuwemo. Mehta alilingana pointi za adhabu na mwenzake wa timu, Harry Källström, ikabidi kuangaliwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Ushindi wa unyoya.

Katikati hapo, 1972, mbio zilianzia Dar es Salaam. Hannu Mikkola na Gunnar Palm wakashinda na Ford Escort, gari nyingine ndogo, wakawa wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuchukua Safari. Kwa hiyo wazee wa Dar waliokuwa vijana wakati ule waliyaona magari haya kwa macho yao, siyo kwenye simu.

Sasa tafuta picha ya 240Z ya Safari, angalia imekaaje. Haijashushwa. Imenyanyuliwa. Imekaa juu kama mtu aliyekunja suruali avuke mto. Chini ya injini kuna bamba la chuma la kuzuia mawe, nyuma kuna tairi za akiba na vifaa. Gari iliyozaliwa kuwa chini na nzuri, ikaja huku ikafundishwa kusimama.

Hapa kuna siri nyingine ambayo wapenda gemu wengi hawaijui. Mwingereza mmoja, Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alikuwa na imani kwamba gari iwe nyepesi kwanza, mengine baadaye. Lotus Elan yake ya 1962 ilikuwa na uzito wa chini ya kilo 700. Mtu angetegemea iwe ngumu kama ubao. Wapi! Ilikuwa na springi laini na shokapu zinazojua kazi, na hiyo ndiyo iliyoipa sifa ya kukata kona. Mguu wa nyuma wa 240Z, ule unaounganisha springi na shokapu kwenye nguzo moja, ni wa aina ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la Chapman. Na Mazda walipotoa Roadster mwaka 1989, kigari cha kilo 900 na ushee, Elan ndio walikuwa wanaitazama.

Kwa hiyo ukoo huu wa Elan, tangu kwa babu, ni ukoo wa magoti laini. Ugumu waachie wenye lami kama kioo na tairi pana.

Waliokuwa chini ya gari

Majina yaliyotajwa hapo juu yote ni ya madereva, wasoma ramani na wenye kampuni. Ndivyo vitabu vilivyo. Lakini dereva akirudi na shokapu imekufa, nani anaingia chini?

Hebu rudi kwenye lile neno joto. Barabara ya vumbi inayopitiwa sana inajitengenezea vituta vidogovidogo vilivyopangana kama bati la kuezekea. Ukipita kwa kasi, shokapu inaminywa na kuachiwa mara nyingi kila sekunde, bila kupumzika, kwa kilomita na kilomita. Mafuta yanachemka, yanaingia mapovu, na mapovu hayana ugumu wowote. Hapo shokapu imebaki jina. Dereva anaanza kuhisi gari inaelea, anakanyaga breki haishiki vizuri, kumbe tatizo siyo breki, tairi linadunda tu juu ya vituta.

Kwa hiyo kwenye vituo vya njiani kulikuwa na mafundi wanaosubiri na spea, usiku, mvua inanyesha, taa za kuunga. Gari inaingia na moto wake, chuma hakishikiki, na muda unahesabiwa. Wanafungua, wanatoa shokapu iliyokufa, wanafunga mpya, gari inaondoka. Wengine walikuwa wameletwa na kampuni kutoka ng'ambo, wengine ni mafundi wa hukuhuku Nairobi, Kampala, Dar. Ni watu waliojua kwa mkono, bila kompyuta, kwamba gari iliyobeba tairi 2 za akiba na mafuta mengi nyuma inahitaji springi gani nyuma ili mkia usiburuze, na kwamba mafuta yakipungua tabia ya gari inabadilika.

Mmoja katika jamii hiyo ya mafundi alipanda mpaka jina lake likajulikana dunia nzima. Joginder Singh wa Kenya, mtu wa spana kabla ya kuwa mtu wa usukani. Alishinda Safari ya 1965 akiwa na Volvo iliyokuwa imeshatumika, siyo mpya ya kiwandani. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu walijiuliza anawezaje. Jibu moja rahisi ni kwamba alikuwa anaisikia gari. Fundi akiendesha anajua mlio huu ni bushi, mtikisiko huu ni shokapu, na anajua lini apunguze kabla chuma hakijasema basi.

Kwa Joginder mmoja anayejulikana, walikuwepo wengi waliobaki chini ya gari. Ni wapagazi wa Bagamoyo tena, ila na ovaroli.

Katikati ya miaka ya 70 Safari ikabaki mbio za Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Mtoto wa pwani hii aliyezaliwa baada ya hapo hakuziona tena zile gari zikipita. Alikuja kukutana nazo sehemu nyingine kabisa.

Kutoka vumbini mpaka kwenye skrini

Mwishoni mwa 1997 Japani walitoa Gran Turismo ya PlayStation. Kabla ya hapo gemu nyingi za magari zilikuwa za kukanyaga mafuta tu. Hii ikampa mchezaji springi, shokapu, urefu wa gari kutoka chini, stabilaiza, na mlalo wa tairi. Yaani kijana anakaa kwenye mkeka sebuleni anafanya kazi ya fundi. Na Roadster ya Mazda, mjukuu wa Elan, ilikuwemo humo.

Mwaka 2000 ikatoka Colin McRae Rally 2.0, na moja ya nchi zilizowekwa humo ni Kenya. Mwaka 2019 DiRT Rally 2.0 ikaja na Datsun 240Z yenyewe, ukitaka unaibadilisha springi na shokapu kipande kwa kipande. Mwaka 2020 WRC 9 ikaiweka Safari ya Kenya, na mwaka uliofuata, 2021, Safari halisi ikarudi kwenye mashindano ya dunia baada ya kutoweka tangu 2002.

Umeona mzunguko? Barabara zilifundisha mafundi, mafundi wakafundisha viwanda, viwanda vikaandika namba, namba zikaingia kwenye gemu, na gemu imerudi mpaka kibandani Bagamoyo kwa jero. Kilichopotea njiani ni maelezo. Kijana anapewa namba bila kupewa sababu.

Hesabu ndogo, usikimbie

Chukua gari nyepesi ya tani moja. Kila tairi inabeba takriban kilo 250. Weka springi ambayo inahitaji kilo 2 na nusu hivi kuminywa milimita moja. Gari ikikaa, springi inazama kama milimita 98. Hiyo ndiyo akiba ya goti. Tairi likikutana na shimo, lina karibu milimita 98 za kushuka kulifuata kabla halijaning'inia.

Sasa kaza springi mara mbili. Inazama milimita 49 tu. Akiba imekatwa nusu. Shimo la milimita 60 likija, tairi halifiki chini. Linapita hewani.

Halafu weka springi hiyohiyo ngumu kwenye gari nzito, ambayo kila tairi inabeba kilo 400. Inazama milimita 78. Unaona? Springi ileile, kwa gari nzito ni ya kawaida tu, kwa gari nyepesi ni jiwe. Ndiyo maana kuchukua marekebisho ya mtu mwenye gari nzito ukayabandika kwenye Roadster ni kujitafutia ukuta.

Gemu za siku hizi kama Gran Turismo 7 hazikuonyeshi kilo kwa milimita, zinakuonyesha springi kwa hezi, yaani bodi inacheza mara ngapi kwa sekunde. Ule mfano wa kwanza ni kama hezi 1.6. Ukikaza mara mbili inakuwa kama 2.25. Ukiiweka springi hiyo ngumu kwenye gari nzito inarudi kama 1.8. Uzuri wa hezi ni kwamba uzito umeshahesabiwa humo ndani, kwa hiyo unaweza kulinganisha gari na gari bila kudanganyika.

Basi yule jamaa wa kibandani afanye hivi. Airudishe gari juu kidogo. Alegeze springi mpaka aone bodi inalala kwenye kona, halafu akaze kidogo kidogo mpaka ilale bila kugusa chini. Kisha aende kwenye shokapu. Gari ikiendelea kudunda baada ya tuta, aongeze ugumu wa shokapu. Ikiruka badala ya kumeza tuta, apunguze. Mkia ukichomoka kwenye kona, alegeze stabilaiza ya nyuma. Pua ikigoma kuingia kwenye kona, alegeze ya mbele. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, aendeshe raundi mbili, kisha aangalie marudio. Asiangalie rangi ya gari. Aangalie tairi, lipo chini au lipo juu?

Kwenye lami laini ya uwanja wa mbio anaweza kushusha na kukaza, hakuna ubaya, kule hakuna mashimo. Ila hata kule, ukipanda ukingo wa kona unakutana na Bagamoyo yako.

Nje ya kibanda

Mpaka hapa mtu atasema hii ni gemu, ukigonga unaanza upya. Kweli. Lakini vijana hawa hawaishii kwenye gemu.

Magari ya humo ndani ndiyo yanayoshushwa bandarini Dar kila siku kutoka Japani, usukani kulia kama kwetu. Kijana aliyeikaza Starlet kwenye skrini, akipata vijisenti anainunua Starlet yenyewe, nayo haifiki tani moja. Au Altezza. Kitu cha kwanza anachotaka ni ikae chini kama kwenye gemu. Springi za maana za kushushia ni ghali, basi anapatikana fundi wa kukata. Grinda inaingia, mizunguko miwili inaondoka, gari inakaa chini, picha zinapigwa, watu wanagonga laiki.

Sasa sikiliza kilichotokea pale. Springi ikikatwa haifupiki tu, inakuwa ngumu. Ikiwa na mizunguko 8 ukaacha 6, ugumu wake umepanda kwa theluthi moja. Shokapu ni ileile ya zamani, imepangiwa springi laini, kwa hiyo haiwezi kuituliza hii mpya. Nafasi ya tairi kupanda imepungua. Na tairi likining'inia, springi fupi inaweza kuhama kwenye kiti chake.

Halafu ndinga hiyo inatolewa Barabara ya Bagamoyo usiku. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Barabara ni lami, sawa. Lakini kuna matuta kila penye kijiji, kuna zile rasta za kuamshia madereva, kuna mchanga unaosombwa na mvua kutoka pembeni, kuna boda haina taa, kuna mwanafunzi anavuka. Mtu anafunga breki juu ya rasta, tairi zinadunda, na gari ya kilo mia nane inateleza kama sabuni. Kwenye hali hiyo mwendo aliodhani anaumudu haumudu tena. Na pale hakuna kitufe cha kuanza upya.

Ukitaka kuona jibu la zamani bado linaishi, ingia njia za vumbi za upande wa Makurunge kuelekea Saadani, au kumbuka kwamba Bagamoyo yenyewe imewahi kuwa mwenyeji wa Rally of Tanzania. Gari za rali zikija haziji zimelala. Zimesimama, matumbo yamefunikwa bamba, zinapiga shimo unaona tairi linapotea ndani na bodi haina habari. Wenye hela na ujuzi wananyanyua. Asiye navyo ndiye anayekata springi. Hapo ndipo mambo yamegeuka kichwa chini miguu juu.

Na mafundi wanajua. Nenda gereji yoyote ya chini ya mwembe, muulize mzee mwenye mikono myeusi kwa grisi kama springi ikatwe. Atakutazama, atasema, "Mwanangu, gari hii utaiharibu." Kijana anasema, "We kata tu, mzee." Mzee anakata, maana ana watoto wanaosubiri unga. Ujuzi uleule uliowavusha wale 7 wa 1963 umekaa pale kwenye kigoda, haujaulizwa swali.

Yule jamaa wa Magomeni anasemekana anaweka akiba ya Starlet. Kibandani ameshaanza kuinyanyua gari, wenzake wanamcheka kwamba ndinga yake imekaa kama daladala. Lakini ile kona ya pili sasa anaipita.

Wadau, wa kwako yupi? Aliyeshusha au aliyeacha kama ilivyotoka Japani? Na kama una mzee nyumbani aliyeziona gari za 1972 zikitoka Dar, mpigie simu leo umuulize zilikuwa zimekaaje. Kisha mwulize fundi aliyekuwa anazihudumia alikuwa anaitwa nani.